Maji Yanapita Wapi?

1

Kama una chai mkononi, iweke mezani kwanza. Utaimwaga.

Leo nakupeleka mahali ambapo hungetarajia kabisa kukuta boti.

EPZ, Athi River!

Ndiyo, hapo hapo unapopajua: viwanda vya nguo, malori ya saruji, vumbi, na lile lango linalomwaga maelfu ya wafanyakazi kila jioni hadi magari yanasimama kupisha. Bahari iko zaidi ya kilomita 400 kutoka hapo. Ziwa halipo. Hata maji ya kupikia, wengi hununua kwa mtungi.

Sasa niambie, boti ya faiba yenye urefu wa futi 16 inafanya nini nyuma ya uzio wa mabati, juu ya trela, imefunikwa turubai?

Usijibu haraka. Kumbuka kwanza Aprili 2024.

Kumbuka Mto Athi ulivyovunja kingo, maji ya matope yakaingia majumbani, watu wakapanda vitandani, kisha mezani, kisha popote palipoinuka. Waokoaji walikuja na boti zao. Lakini nchi nzima ilikuwa ikiomba boti kwa wakati mmoja.

Mvua zilipokatika, majirani fulani wa EPZ waliketi chini wakasema: safari ijayo hatutangoja. Washonaji, walinzi, mama wa vibanda, vijana wa boda. Wenzao huchanga kununuliana sufuria na magodoro. Hawa walichanga kununua boti.

Wakaipata Pwani, imetumika lakini inang'aa. Mashine nyuma, betri, na pampu ndogo ya umeme iliyolala chini kabisa, kwenye ngama, tayari kutoa maji yakiingia. Bei nzuri. Muuzaji mcheshi.

Unaona nilivyosema "mcheshi"? Liweke akilini.

Mazoezi yakapangwa Masinga, katika kaunti yetu hii hii ya Machakos. Ni bwawa lililokamilika mwaka 1981, la juu kabisa kati ya yale ya Seven Forks yanayofuatana kwenye Mto Tana. Maji mengi, mapana, yenye viboko na mamba. Huko boti inaweza kufunzwa kazi.

Wakaingia sita na nahodha. Kila mmoja na jaketi lake la kuokolea maisha, na mwenyekiti wa chama, mama anayeshona kola za mashati kiwandani, ameketi nyuma karibu na mashine.

Jua zuri. Upepo mdogo. Nyimbo!

Chini ya sakafu, pampu ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Baada ya muda ikanguruma tena, ikanyamaza. Nahodha akawatuliza: "Hiyo ni pampu tu, inafanya kazi yake." Wakaendelea kuimba.

Kisha mwenyekiti akahisi baridi miguuni.

Akatazama chini. Viatu vyake vilikuwa ndani ya maji.

Nahodha akafungua kifuniko cha ngama, na wimbo ukakatika katikati ya mstari. Ngama ilikuwa imejaa pomoni, pampu imezama humo humo, na ule mngurumo uliokuwa ukiwaliwaza sasa ulikuwa mnyonge. Betri ilikuwa inakata roho.

Na ufuo ulikuwa mbali.

2

Walirudi. Nakuambia mapema ili upumue. Walitoa maji kwa makopo, kwa kofia, kwa viganja, wakafika ufuoni wakitetemeka.

Lakini umeshaona tatizo lenyewe? Hii si boti ya starehe. Hii ni boti ya kumtoa mama mjamzito juu ya meza usiku wa manane. Ikimpakia kisha ikaanza kuzama, nani atamwokoa mwokozi?

Na haya si ya kubuni. Tarehe 28 Aprili 2024, boti iliyojaa watu ilizama Kona Punda, upande wa Madogo, barabara ya kwenda Garissa ilipokuwa imemezwa na mafuriko ya Tana. Watu walikufa. Video yake iliizunguka Kenya nzima. Tana ile ile inayojaza Masinga.

Kwa hiyo hakuna aliyekuwa na hamu ya kuimba tena. Swali likabaki moja tu: maji yanapita wapi?

Kijana mmoja akasema ni ufa. Mwingine akasema mashine imelegea. Wa tatu, ambaye hajawahi kuishi na boti, akasema labda faiba imechoka. Kila mtu na mkosaji wake.

Ndipo mshonaji mmoja wa chama akasema polepole, "Baba yangu yuko hapa. Amekuja kunitembelea."

"Baba yako ni nani?"

"Ni fundi wa vyombo. Wa Matondoni."

Kama hujawahi kufika Lamu, nikudokeze: Matondoni ni kijiji ambacho watoto huanza kusikia nyundo za majahazi kabla hawajajua kutembea. Mzee alikuwa amekaa chumba kimoja cha kupanga, anatazama kuta, anangoja binti yake atoke zamu. Alipoambiwa kuna boti inavuja, alivaa kofia yake kabla ya kumaliza chai.

Alifika, akasalimiwa shikamoo na kila mtu, akaitikia mmoja mmoja. Kisha akaizunguka boti kimya. Akaigonga kwa kifundo cha kidole, kutoka omo, mbele, mpaka tezi, nyuma, akisikiliza.

"Chombo cha mbao," akasema, "lazima kinywe maji kidogo. Mbao hufura, nafasi zikajiziba. Palipobaki tunapiga kalafati, pamba na mafuta. Lakini hii faiba haifuri. Ikiwa na maji ndani, basi maji yana njia. Tena njia ile ile, kila siku. Tuitafute."

Akauliza maswali. Maji yaliingia mkisimama au mkienda? Mlikuwa wangapi? Nani alikaa wapi? Yaliingia pole pole au kwa ghafla? Na mlipokuwa wawili tu, siku ya kuinunua, yaliingia?

Siku ya kuinunua hayakuingia, wakamjibu. Muuzaji aliwazungusha kwa muda mrefu. Ngama ilikuwa kavu.

Mzee akakunja uso. Hilo jibu lilimkaa kichwani, na mimi nakuomba likukae pia.

Mshukiwa wa kwanza akashikwa: kizibo cha nyuma, kile kinachofunguliwa boti ikiwa nchi kavu ili maji ya mvua yatoke. Kizibo kikichakaa mpira wake, au kikiingia mshazari kwenye nyuzi zake, boti hunywa maji bila kelele. Mzee akakitoa, akaupitisha ukucha kwenye mpira.

Ulikuwa mzima.

Akaagiza ngama ikaushwe. Na hapo EPZ ikaonyesha utajiri wake: magunia ya vitambaa vya mabaki ya kiwandani, pamba safi, rangi zote. Wakafuta mpaka kitambaa kikitoka kilikuwa kikavu kama kilivyoingia. Kisha mzee akanyunyiza poda ya mtoto pande zote za ngama, ubavu kwa ubavu. Maji yakipita, hata tone moja, yangeacha barabara yake juu ya weupe ule.

"Sasa," akasema, "nataka maji."

"Maji kiasi gani, Mzee?"

"Lita mia nne. Tuyamwage ndani."

Vijana wakatazamana. Lita 400! Athi River! Kwenye mtaa ambao mabomba yalikuwa yamekauka wiki nzima, na mkokoteni wa maji ukitokea watu wanatoka mbio na mitungi?

Na nyuma yao, kwenye lango la mabati, mama wa jirani alikuwa amesimama na mtungi mtupu mkononi. Alikuwa amesikia kila neno.

3

Unadhani alisema nini?

Aliuliza swali moja. "Mnataka kumwaga maji kwenye boti, na mtoto wangu hajaoga tangu juzi?"

Hapakuwa na wa kumjibu. Mwenyekiti akaanza kueleza, sauti ikamkwama. Kisha mzee akasogea, akavua kofia.

"Mama, maji hayatapotea. Yatatoka chini kwa kizibo, tutayakinga kwenye mitungi yenu. Ya kufulia, ya kudekia, ya choo. Nakuazima tu kidogo. Na mafuriko yakija, kiti cha kwanza kwenye chombo hiki ni cha mtoto wako."

Mama akamtazama muda mrefu. Akaenda zake bila neno. Vijana wakajua mambo yameharibika.

Akarudi na mitungi miwili imejaa. Nyuma yake, majirani na yao.

Ngoja nikueleze mantiki ya mzee, maana ndiyo ufunguo. Boti ikiwa ziwani, maji yako nje, unayatafuta ndani, gizani, chini ya sakafu. Geuza mambo: weka maji ndani boti ikiwa nchi kavu, kisha tazama nje, mchana kweupe. Tundu linaloingiza maji, mara nyingi litayatoa pia.

Lakini alikuwa mkali kwenye kipimo. "Msijaze! Chombo kimeundwa kusukumwa na maji kutoka nje, si kutoka ndani. Na lita mia nne ni kilo mia nne juu ya trela hilo." Maji yakafika chini kidogo ya sakafu, akainua mkono: basi.

Akatia bluu ya kufulia. Ngama ikawa na rangi ya anga.

Wote wakalala chini ya boti juu ya makatoni, macho juu. Kimya. Ungesikia malori ya barabara kuu ya Mombasa, na honi ya zamu kiwandani.

Chini ya mkuku, pakavu. Ubavuni, pakavu. Kizibo, kikavu.

Kisha binti wa mzee akapaza sauti: "Baba! Huku!"

Nyuma ya boti, upande wa kulia wa mashine, chini ya mstari wa maji, palikuwa na matundu mawili madogo ya skrubu. Zamani palifungwa kifaa cha kutafutia samaki, kikaja kikang'olewa, na aliyeking'oa hakuziba. Kwenye tundu la chini, tone la bluu lilikuwa linavimba. Likavimba, likatetemeka, likaanguka.

Unaweza kuwaza shangwe! Mwenyekiti akapiga vigelegele. Kijana wa boda akaenda mbio kununua gundi ya kuzibia boti. Simu zikapigwa kwa wanachama waliokuwa zamu ya usiku: amepatikana! Tumemkamata!

Mzee hakupiga makofi.

Alichukua kikombe cha chai, akakiweka chini ya tone, akakaa kwenye jiwe. Akangoja. Watu wakacheka, wakapiga picha, wakaenda kula, wakarudi. Bado amekaa.

Saa nzima ilipopita, alikiinua kikombe akawaonyesha. Hakikufika hata nusu.

"Kule Masinga mlitoa maji kwa makopo na kofia, watu saba, na bado yaliwafika viatuni," akasema. "Kwa muda gani?"

"Chini ya saa moja, Mzee."

Akamwaga bluu ya kikombe mchangani.

"Huyu ni mwizi mdogo. Zibeni tundu lake, ni vizuri. Lakini mwizi mkubwa bado yumo ndani ya nyumba. Tena leo alikuwepo, akatutazama, akanyamaza."

4

Msomaji, wewe umeshamjua?

Nilikupa kila kitu. Rudi juu ukipenda, nitakungoja. La? Haya, twende Masinga mara ya pili.

Walipita Matuu alfajiri, trela nyuma ya pikapu, mzee mbele akishikilia kofia dirishani. Njiani mtu alimuuliza kama haogopi mamba. Akasema anaogopa zaidi chombo kinachodanganya. Kisha akaongeza msemo wa kwao, "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani," na hakusema tena mpaka walipoona maji.

Jaribio la kwanza: nahodha na mzee peke yao. Ngama kavu, poda mpya, kifuniko wazi. Wakaenda taratibu, wakaenda kwa kasi, wakakata kona, wakasimama na kuyumbishwa na mawimbi yao wenyewe.

Poda haikuguswa. Pampu haikunguruma hata mara moja.

Kavu kabisa!

Nahodha akatabasamu. Mzee akasema, "Vivyo hivyo ilivyokuwa siku mliyoinunua. Sasa lete watu."

Wakapanda sita. Mzee akawapanga kama walivyokaa siku ile, mwenyekiti nyuma. Na yeye akapiga magoti kando ya ngama, tochi mdomoni, na dau dogo la mvuvi likiwafuata kwa karibu, kwa sharti lake mwenyewe.

Wakang'oa nanga. Dakika zikapita. Poda ikabaki nyeupe. Watu wakaanza kupumua.

"Nipe kopo la maji," mzee akasema.

"La nini?"

"Siku ile mlipanda na miguu yenye maji. Leo mmepanda mmejifuta. Nipe."

Akamwaga maji kidogo kwenye ngama. Maji yakakusanyika, boya la swichi likainuka, pampu ikaamka. Ikanguruma, ikayatupa nje yote, ikanyamaza.

Mzee akabana pumzi. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa maji.

Na hapo, msomaji wangu, akaona kitu ambacho nusu ya mabaharia wangekipita bila kukiona.

Poda iliyolowa ilikuwa imeelea juu ya kimaji kilichobaki. Pampu ikivuta, poda huikimbilia pampu. Hiyo inaeleweka. Lakini pampu ilikuwa imelala. Na poda ilikuwa inatembea.

Ilikuwa inaikimbia pampu.

Pole pole, bila sauti, bila povu, weupe ule ulikuwa unasukumwa kutoka kwenye mdomo wa pampu kuelekea pembeni. Na kimaji kilikuwa kinapanda.

Mzee akaunyosha mkono, akaushika mpira unaotoka kwenye pampu kwenda ubavuni, akaukunja.

Poda ikasimama.

Akauachia. Poda ikatembea.

Akaukunja tena. Ikasimama.

"Mwenyekiti," akasema kwa sauti ya chini, "chungulia nje hapo ulipokaa. Tundu la pampu, lile linalotemea maji, liko wapi?"

Mwenyekiti akainama juu ya ukingo. Akatazama. Akatazama tena.

"Silioni, Mzee. Liko chini ya maji."

Umeelewa? Pampu yenyewe! Ile iliyokuwa ikiwaliwaza!

Nikueleze kwa utaratibu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza vyombo. Tundu lile lilitobolewa vidole vinne tu juu ya mstari wa maji. Kwa wavuvi wawili, lingekaa juu ya maji maisha yake yote. Lakini boti ya ukubwa huu, kila mtu wa kilo 60 huiteremsha kama sentimita moja. Panda sita, baadhi yao waketi nyuma penye mashine, na tundu linazama.

Pampu za aina ile hazina mlango. Ndani kuna gurudumu dogo lenye mapezi tu. Likizunguka, maji yanatoka. Likisimama, njia iko wazi. Mpira umejaa maji, maji ya nje yako juu kuliko ya ndani, basi yanarudi kwa njia ile ile, kimya, na ngama inajaa. Boya linainuka, pampu inaamka, inayatupa, inalala, inayaruhusu kurudi. Hivyo hivyo, mzunguko baada ya mzunguko, betri ikiliwa kila mara.

Betri ikifa, pampu inanyamaza kwa mara ya mwisho. Maji hayanyamazi.

Ndiyo maana kule EPZ hawakumwona: boti iliyo juu ya trela haina maji ya nje ya kurudi. Ndiyo maana siku ya kununua hawakumwona: walipanda wachache. Alikuwa mwizi anayengoja nyumba ijae wageni.

Na boti ya uokoaji, niambie, lini itakuwa tupu?

Mwenyekiti aliketi mikono kichwani. Alikuwa akifikiria kile kiti cha kwanza walichomwahidi mtoto wa jirani.

5

Dawa ya mwizi huyu inajulikana, na si ghali. Tundu jipya lipandishwe juu, karibu kabisa na ukingo wa boti. Mpira uinuliwe kitanzi kirefu kabla ya kushuka na kutokea nje, ili maji ya nje yasipate njia ya kurudi hata boti ikilemewa. Tundu la zamani lizibwe kwa faiba na gundi yake, tabaka juu ya tabaka, ndani na nje.

Wapo wanaotia kijilango cha kuzuia maji kurudi kwenye mpira wakafikiri yamekwisha. Mzee hakutaka kukisikia. Chembe moja ya mchanga ikikwama hapo, mlango unabaki wazi nawe hujui. Mimi naungana naye moja kwa moja. Usikikabidhi kipande cha mpira maisha ya watu sita.

Jioni moja ya msimu wa mvua, kazi ikaanza nyuma ya uzio wa mabati. Tundu jipya likatobolewa juu. Mpira ukafungwa kitanzi chake. Tundu la zamani likakatwa kingo zilizochakaa, likasuguliwa mpaka likawa pana kuliko sarafu ya shilingi 20. Fundi wa faiba akasema gundi itapakwa asubuhi jua likitoka, kwa sababu baridi ya usiku huichelewesha kukauka.

Mbingu za EPZ zilikuwa na nyota. Watu wakaenda kulala.

Unajua Mto Athi unatoka wapi? Sehemu ya maji yake huja na Mbagathi, kutoka upande wa milima ya Ngong. Huko inaweza kunyesha usiku kucha nawe Athi River ukatazama nyota. Maji yanakuja baadaye, kimya, bila radi ya kukuonya. Kutoka hapo yanaendelea, yanaitwa Galana, yanaitwa Sabaki, mpaka yanamwagika baharini karibu na Malindi.

Simu ya mwenyekiti ikalia usiku wa manane. Jamaa yake, anayeishi Rongai, karibu na Mbagathi.

"Dada, mto umepanda. Sijaona hivi tangu 2024. Waamshe watu wa chini huko!"

Mwenyekiti akapiga 1199, namba ya dharura ya Msalaba Mwekundu. Wakamsikiliza, wakachukua maelezo, wakasema wanakuja. Lakini simu zilikuwa zimeanza kuingia kutoka kila upande.

Akatoka mbio kwenda kwenye boti. Vijana walikuwa wameshafika. Pikapu imewashwa. Na wote walikuwa wamesimama wakilitazama lile tundu ubavuni, jeusi, wazi.

"Gundi?"

"Haitakauka kabla ya mchana, Mwenyekiti."

Mzee akapenya katikati yao, kanzu imepandishwa na kufungwa kiunoni. Hakuuliza kitu. "Nataka kipande cha mti laini. Kisu. Vitambaa vya pamba vya kiwandani. Na mafuta ya ng'ombe."

Mafuta ya ng'ombe! Katika mji wenye machinjio ya KMC tangu 1950, hilo halikukosekana. Mama wa supu aligongewa mlango, akatoa sufuria nzima.

Mikono ya mzee ikafanya kazi ambayo imeifanya tangu utoto. Alichonga kizibo cha mti, chembamba mbele, kinene nyuma. Akakizungushia pamba iliyoloweshwa mafuta ya moto, akakiingiza kutoka nje, akakipiga kwa nyundo, pigo fupi fupi, akisikiliza sauti. Akaongeza pamba pembeni kwa ncha ya patasi. Kalafati ya Matondoni, kwenye faiba, huko EPZ.

Sauti ya nyundo ilipobadilika, ikawa nzito, akasimama.

"Twende."

Binti yake akamshika mkono. "Baba, wewe hupandi. Wewe kaa hapa."

"Mwanangu, tundu nimeliziba mimi. Ngamani nakaa mimi."

Waliiteremsha pale barabara ya mtaa ilipoingia majini. Maji ya Athi yalikuwa ya rangi ya udongo, mazito, yamebeba matawi, viti na milango. Nyumba ya kwanza, wakamchukua mama wa mtungi na mtoto wake, kama ilivyoahidiwa. Ya pili, bibi kizee na mjukuu. Ya tatu, kijana mwenye mguu wa plasta.

Watano, pamoja na nahodha na mzee. Saba. Boti ikazama mpaka kipimo chake cha Masinga.

Na wakati huo huo, mbingu ikafunguka. Mvua ya mawe madogo madogo, kisha mvua yenyewe, kubwa, ya kupofusha. Nahodha hakuona ncha ya boti yake.

Pampu ikaamka. Ikanguruma, ikatema maji kwa tundu jipya la juu. Ikanyamaza.

Kila mtu akasikiliza.

Ikaamka tena.

"Mzee!" akapiga kelele kijana wa plasta. "Kuna maji huku! Yananifika mguuni!"

Fikiri haraka, msomaji. Mvua inamwagika ndani ya boti: maji ya mvua ni meupe, hayana neno, pampu itayamaliza. Lakini kama ni kizibo kimelegea, basi ni mto unaoingia, na mto una rangi yake.

Mzee akazamisha kiganja ngamani gizani, akakiinua kimejaa, akaweka tochi mdomoni.

"Yana rangi gani, Mzee?" nahodha akalia. "Mzee! Yana rangi gani?"

Akaibonyeza tochi.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO